Kuipamba meli ya anga ya plastiki: kila kikorombwezo kiwe na kazi

Meli ya anga ikitoka kwenye boksi lake huwa safi mno. Bodi laini, mistari imenyooka, rangi moja kuanzia puani hadi mkiani, na jicho likishapita juu yake mara moja halina sababu ya kurudi. Kuiboresha ni kumfanya anayeitazama aamini kwamba ndani mna watu, kwamba kuna fundi hupanda juu na spana kukaza nati, na kwamba imeshatua pabaya na kuondoka tena. Mimi ni fundi simu hapa Mwanga, Kigoma, na modeli kama hizi, za seti za vipande vya plastiki vya kuunganisha, huzifanya usiku nikishafunga kazi. Sheria yangu ni moja: usibandike kitu kama hujui kinafanya kazi gani kwenye meli hiyo.

Nani alinifundisha? MV Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikaletwa Afrika katika masanduku yapatayo 5,000, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Hiyo nayo ni seti ya kuunganisha, tena ya chuma. Itazame kwa makini. Kila bomba linatoka mahali na kwenda mahali. Kutu haijazagaa ovyo: inaanzia kwenye tundu la nanga, chini ya kitoleo cha maji, pembeni mwa ribiti, halafu inashuka. Rangi imelika pale mikono inaposhika na miguu inapokanyaga, penginepo bado nzima. Maboti ya ufukwe wa Kibirizi na mabehewa ya stesheni yanafundisha hayo hayo. Piga picha za karibu uzibandike juu ya meza yako ya kazi, ila bandarini na stesheni omba ruhusa kwanza.

Kwa hiyo kabla ya kugusa gundi, ipe meli yako ajira. Ninayoitolea mfano hapa ni ya mizigo, skeli 1/144, yaani imepunguzwa mara 144 kuliko ukubwa wake halisi, na nimeamua inabeba maji yanayochimbwa kama barafu kwenye miezi ya mbali. Uamuzi huo peke yake umeshaniambia mengi: matangi mawili ubavuni, mabomba ya kupasha joto ili maji yasigande, winchi, taa za kufanyia kazi gizani, ngazi ya kufikia vali. Sina haja ya kukisia tena.

Kisha shika rula. Kwenye 1/144, mtu wa sentimita 170 ana urefu wa milimita 12 hivi, na mlango wa mita 2 ni milimita 14. Kwenye 1/72 zidisha mara mbili. Kata mtu wa karatasi wa kimo hicho umsimamishe kila unapotaka kubandika kitu. Je, mlango anaupita? Kishikio anakifikia? Mstari wa nusu milimita kati ya mabati mawili, kwa skeli hii, ni ufa wa zaidi ya sentimita 7, na chombo chenye nyufa hizo kingemwaga hewa yote. Vitu vidogo ndivyo vinavyoifanya meli ionekane kubwa. Ukiweka kitu kimoja kinene mahali pabaya, meli nzima inageuka kichezeo.

Vikorombwezo vyenyewe utavipata wapi? Miaka ya 1970 mafundi wa filamu za anga kule Marekani walikuwa wakinunua seti za vifaru, ndege na manowari kwa ajili ya kuchomoa vipande vyake tu na kuvibandika kwenye meli zao. Hapa kwetu seti moja ni safari ndefu ya kifurushi, siwezi kukushauri ukate tatu ili ujenge moja. Nenda kwa fundi simu, fundi redio na fundi saa, omba mizoga. Simu iliyokufa ina vibati vya kufunikia saketi, ambavyo tayari vinafanana na vifuniko vya mitambo. Ina soketi ya chaja, fremu ya kamera, viskrubu vya kichwa kidogo. Kiberiti cha gesi kina vali na springi. Saa ya mkononi ina magurudumu yenye meno. Kwa mabomba natumia waya wa jampa, ule mwembamba tunaounganishia njia zilizokatika kwenye bodi ya simu. Waya wa milimita 0.1 unakuwa bomba la sentimita 1.4 kwa skeli hii, unakunjika kwa kibano na kubaki ulivyoukunja. Antena nazivuta kutoka kwenye fremu ya plastiki ya seti yenyewe: ipashe juu ya mshumaa bila kuigusa moto, ikilegea iondoe, vuta taratibu, na utapata uzi mwembamba kama unywele.

Nikishavikusanya, navipanga juu ya bodi bila gundi na kuviacha mpaka kesho. Asubuhi huwa nashangaa ninavyovipunguza. Viweke kwa makundi, penye mashine, karibu na injini, kuzunguka mlango na kwenye maungio, halafu acha uwanja mtupu kati ya kundi na kundi. Jicho linahitaji pa kupumzikia. Meli iliyojaa vikorombwezo kila inchi haina sehemu hata moja inayoonekana muhimu.

Plastiki ya seti nyingi ni polistairini. Ukitaka mabati ya ziada, geuza makopo ya mtindi utazame alama ya pembetatu: namba 6 ndiyo hiyo hiyo polistairini, inakatika vizuri na inashikana na meli kwa gundi ya modeli, ile inayoyeyusha plastiki. Namba 2 na namba 5 hazishiki gundi wala rangi, achana nazo. Ukikosa gundi ya modeli, tina (thinner) kali ya gereji inayeyusha polistairini: paka tone dogo kwa brashi kwenye kiungo, bana, subiri. Fanya nje, mbali na jiko la mkaa na ule mshumaa wako, kwa sababu mvuke wake unawaka na unaumiza kifua. Chuma na shaba vinataka supaglu. Mapengo yazibe kwa supaglu na kunyunyizia baking soda. Huganda papo hapo, basi piga msasa mapema kabla hayajawa magumu kuliko plastiki inayoyazunguka.

Mistari ya mabati huchorwa kwa sindano iliyofungwa kwenye mpini wa kalamu. Bandika tabaka tatu za utepe wa umeme ziwe ukingo, pitisha sindano bila kukandamiza, rudia, rudia tena. Pasi nyingi nyepesi hukupa mstari ulionyooka. Pasi moja nzito huteleza.

Sasa rangi. Msimu wa mvua huku unaanza Novemba hadi Aprili au zaidi, na ukipuliza rangi ya gereji siku yenye unyevu, utaona ukungu mweupe juu yake. Ngoja jua. Anza na praima ya kijivu, yaani rangi ya msingi, kisha rangi kuu kwa tabaka nyembamba zenye kupumzika katikati, maana rangi hiyo ikilowesha plastiki inaila. Bati moja moja lipe mchanganyiko tofauti kidogo, hapa tone la nyeupe, pale tone la njano, kwa kiasi ambacho mtu hawezi kukitaja lakini anakiona.

Katika kuchakaza meli, wengi hupaka kahawia kila mahali. Fikiri kwanza. Kutu inataka oksijeni na unyevu, na angani havipo. Chombo kisichotua kamwe kitapauka kwa jua na kutobolewa na vijiwe vidogo, basi. Chenye kutua kwenye sayari yenye hewa na mvua ndicho chenye haki ya michirizi, nayo ishuke kuelekea miguu ya kutulia. Masizi ya kuingia kwenye hewa ya sayari yaanze puani yakipungua kurudi nyuma. Chuma kinachopata moto kwenye mdomo wa injini hugeuka manjano ya majani makavu, kisha zambarau, kisha buluu kadiri joto lilivyopanda. Kague kazi ya mchomeleaji yeyote, kando ya mshono wake rangi hizo zipo. Zipange kwa mfuatano huo, buluu ikiwa karibu na moto.

Kwa uchafu wa kwenye mistari, linda rangi kwa vanishi ya kung'aa, ikauke kabisa, kisha yeyusha rangi ya mafuta ya wachoraji, kahawia iliyochanganywa na nyeusi, ndani ya tapentaini. Gusisha ncha ya brashi kwenye mstari, itakimbia yenyewe. Baada ya nusu saa futa kwa pamba ya masikio kufuata upande ambao mvua ingeshuka. Seti zinazobanana bila gundi, kama nyingi za Bandai, kampuni ya Japani, usizilowanishe: plastiki iliyobanwa ikinyweshwa kiyeyusho hupasuka. Mchubuko wa rangi piga kwa kipande cha sponji kilichochovywa rangi kikakaushwa karibu chote, kwenye kingo na vishikio tu. Vumbi letu jekundu lililokaushwa na kuchujwa kwa soksi ya nailoni linafaa sana miguuni mwa meli. Lishike kwa vanishi isiyong'aa.

Taa nimeziacha mwishoni mwa maelezo, lakini waya zake pitisha kabla hujafunga bodi. LED nyeupe natoa kwenye taa za wavuvi zilizoharibika. Ndani ya taa moja mara nyingi kuna kadhaa nzima. LED hiyo hutaka volti 3 hivi. Chaja ya simu inatoa 5, zinabaki 2, na kwa miliampia 10 unahitaji omu 200. Rezista ya 220 inatosha na taa itadumu. Kila LED na rezista yake. Ndani ya bodi paka nyeusi kwanza, la sivyo plastiki yote itawaka kama taa ya chemli, kisha nyeupe juu yake ili mwanga usambae hadi madirishani. Na tumboni usigundishe kila kitu. Acha kifuniko kimoja kishikwe kwa sumaku za spika ya simu, ili taa ikifa uweze kuingiza kibano na kuibadilisha bila kuvunja mabomba uliyoyakunja.