Unaenda kujitolea misheni nje ya nchi? Anza na kengele

Watu wakisikia nimekaa misheni kama volontia wanauliza kazi tu, utafundisha? utakaa zahanati? utajenga? na mimi siku zote naanza na kengele ya sala, maana usipoielewa kengele hata hizo kazi hutazifanya vizuri. Misheni ya Kikatoliki kwanza ni nyumba ya watu wanaosali pamoja, halafu ndo inakuja shule, zahanati, karakana na mengine yote. Unaingia kwenye nyumba ya wenyewe, na nyumba ina mwendo wake.

Mwendo wenyewe karibu kila mahali ni huu. Alfajiri saa 11:30 au saa 12 Masifu ya Asubuhi na Misa, kifungua kinywa, kazi. Saa 6 mchana sala fupi ya Malaika wa Bwana, chakula, kupumzika kidogo, kazi tena mpaka jioni, Masifu ya Jioni, chakula, Sala ya Mwisho halafu ukimya. Kwa wamonaki, watawa wa monasteri, kama Wabenediktini vipindi vya sala ni vingi na virefu zaidi, kwenye mashirika ya kitume kama Wasalesiani au Wakonsolata ratiba inafuata kazi zaidi, lakini kengele ipo kote. Siku yangu ya pili nilikuwa napaka rangi ukuta, bruda ananishikia ngazi tunapiga stori, kengele ya saa 6 ikalia akanyamaza katikati ya sentensi, akainamisha kichwa, mkono bado uko kwenye ngazi, akasali, na alipomaliza akaendelea na ile sentensi pale pale alipoiachia. Hapo ndo nilielewa ninakaa na watu gani. Kengele ikilia na wewe simama, hata kama hujui maneno, nyamaza nao tu inatosha (na ukifika kipindi cha Pasaka usishangae maneno yamebadilika, kuanzia Pasaka mpaka Pentekoste wanasali Malkia wa Mbingu).

Kabla hujaondoka muulize mkuu wa jumuiya kwa barua au simu anategemea uhudhurie sala zipi, wengine watakwambia Misa ya Jumapili tu, wengine wanataka uwe nao kila asubuhi, na ni vizuri ujue mapema kuliko kufika na kuanza kununa. Misheni nyingi zinapokea hata wasio Wakatoliki. Kama wewe ni mmojawapo, karibu kwenye Misa, kaa, imba, ila kwenye Komunyo hupokei, na hakuna atakayekuangalia vibaya ukibaki kwenye benchi.

Makaratasi nitayapitia haraka. Hakikisha viza ni ya kujitolea au ile wanayokuelekeza wenyeji wako, nchi nyingi hazikubali ufanye kazi kwa viza ya utalii hata kama hulipwi. Chukua bima ya afya inayofanya kazi huko. Cheti cha tabia njema cha polisi utaombwa, na mara nyingi barua ya paroko wako pia. Kama unakoenda wanataka chanjo ya homa ya manjano chanja mapema, cheti kinaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano na tangu 2016 kinahesabika cha maisha. Halafu omba mapatano yaandikwe: nani analipa nauli, nani viza, unalala wapi, saa za kazi, siku ya mapumziko. Hili watu wanaona aibu kuomba kwa sababu ni kazi ya Kanisa, lakini watawa wanahamishwa, padre uliyeongea naye mwezi wa 3 unaweza kufika mwezi wa 8 ukakuta yuko nchi nyingine na mkuu mpya hana habari zako kabisa.

Ukishafika, uliza klausura inaanzia wapi. Hiyo ni sehemu ya ndani ya watawa wenyewe, mgeni haingii hata kama mlango uko wazi na hata kama unamtafuta mtu kwa jambo la haraka, piga hodi kwa mlinda mlango au piga simu. Na kama uko kwa wamonaki ukamsalimia mmoja akakujibu kwa upole halafu akapita, usiumie. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, mwongozo wa maisha ya kimonaki wa karne ya 6, sura ya 53, inasema wageni wapokelewe kama Kristo mwenyewe, na sura hiyo hiyo inasema ndugu asiyepewa kazi ya wageni asikae kuzungumza nao. Kwa hiyo mtafute yule aliyepangiwa wageni, huyo ndo wako, muulize kila kitu.

Sasa kazi. Wiki mbili za kwanza usilete mawazo mapya, nakuomba sana. Fanya unachopewa, kudeki, kupanga stoo, kufanya fotokopi, kukaa mlangoni kuandika majina ya wagonjwa. Mimi nilipewa stoo ya dawa pamoja na sista mmoja mzee, kazi ilikuwa kutoa kila kisanduku kwenye shelfu, kusoma tarehe, kuandika kwenye daftari, kukirudisha cha tarehe ya karibu mbele cha mbali nyuma. Siku nne. Chini kabisa tukakuta masanduku ya dawa zilizoletwa na watu wema kwenye mabegi yao, nusu zimeshaisha muda, nyingine maandishi ya lugha ambayo hakuna anayeisoma pale, na sista akaniambia hizi haziwezi kutupwa jalalani tu, kuziharibu kwa utaratibu ni kazi na ni hela. Kwa hiyo usibebe dawa za kugawa bila kuulizwa. Shirika la Afya Duniani linataka dawa za msaada zifike zikiwa zimebakiza angalau mwaka 1 kabla ya kuisha muda, na zile zilizo wazi zilizobaki nyumbani kwa mtu zisitolewe kabisa. Ukitaka kusaidia uliza zahanati inahitaji nini, mara nyingi watakwambia ni bora hela ununue hapo hapo.

Baada ya hizo wiki mbili utakuwa umeshaona mengi na maswali yako yatakuwa ya maana, watakusikiliza.

Watoto, hapa naomba usome polepole. Usikae na mtoto peke yenu chumba kimefungwa, awepo mtu mzima mwingine au mlango uwe wazi watu wanaona. Usipige picha sura za watoto ukaweka mtandaoni, hata kama wanakuomba wenyewe na wanafurahi, kama misheni inahitaji picha watakwambia utaratibu wao. Siku ya kwanza uliza kuna jambo baya nikiliona nimwambie nani, jina na namba yake. Mwaka 2019 Papa Fransisko alitoa sheria ya Vos estis lux mundi inayowalazimisha mapadre na watawa kuripoti unyanyasaji wanaoujua, kwa hiyo sio swali la kuwakosea heshima, nyumba iliyojipanga itakujibu bila kigugumizi.

Na usiahidi. Nilikuwa nafundisha kusoma kikundi kidogo jioni, mtoto mmoja akaniuliza utakuwepo nikimaliza kitabu hiki, nikasema ndiyo, nilisema tu kwa mapenzi. Kitabu kilikuwa na kurasa nyingi na mimi nilikuwa nimebakiza wiki tatu. Alianza kuja na kile kitabu mpaka wakati wa chakula, anasoma kwa haraka, anaruka maneno, na mimi nikajua kwa nini anaruka. Tulikaa chini nikamwambia tarehe yangu ya kuondoka, akakifunga, siku mbili hakuja. Tangu hapo kila kikundi nawaambia siku ya kwanza kabisa, nipo mpaka tarehe fulani, na naiandika ubaoni.

Hela nayo. Watu watakuomba, na shida zao ni za kweli. Usitoe mkononi, mpeleke mtu kwa mkuu wa jumuiya au sista wa huduma za jamii, wao wanajua familia ipi imeshasaidiwa na ipi inaona aibu kuomba, wewe unajua yule tu aliyekufikia. Ukitaka kuchangia weka kwao, wakupe risiti.

Kuhusu wewe mwenyewe, wiki ya tatu au ya nne huwa ngumu, ile hamu ya mwanzo imeisha na lugha bado hujaishika, jioni baada ya Sala ya Mwisho nyumba inanyamaza saa 3 na wewe usingizi hauna hata dalili. Panga mapema utafanya nini na hayo masaa, kuandika, kusoma, kujifunza maneno 10 ya lugha ya pale kila usiku, simu usiongee kwa sauti koridoni maana ukimya ule ni wa nyumba nzima. Siku yako ya mapumziko itumie kweli, toka nje ya geti. Na ukipata homa sema siku hiyo hiyo, hasa kwenye eneo la malaria, upimwe, kuna watu wanajikaza wasiwe mzigo halafu wanaangukia masista usiku wa manane wakiwa na hali mbaya.

Muda wa kuondoka ukikaribia anza kuandika daftari la makabidhiano wiki mbili kabla, sio usiku wa mwisho. Andika kila unachofanya kwa siku, ufunguo upi ni wa mlango upi, kikundi kimefika ukurasa wa ngapi, nani anahitaji miwani, bomba lipi linavuja. Lile langu nilimwachia sista wa stoo, funguo nikazifunga kwenye kamba ile ile niliyopewa nazo, na ukurasa wa kwanza nikaandika jina la yule mtoto na kitabu chake kiliishia wapi, ili atakayekuja jioni ya kwanza aanze naye.