SOMO: Kupata mashindano ya uandishi na majarida yanayolipa (soma lote kabla ya kuuliza)

Wakuu, kila wiki swali ni lile lile: "Wapi naweza kutuma hadithi nilipwe?" Nimechoka kunakili jibu moja, kwa hiyo nimeliandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha kwenye uzi huu.

1. Maliza kazi. Hadithi isiyo na mwisho haitafutiwi jarida.

2. Hesabu maneno, kisha andika idadi hiyo mahali unapoiona. Kila utafutaji unaanzia hapo.

3. Tafuta kwenye hifadhidata, achana na picha za matangazo zinazorushwa WhatsApp. Picha huzunguka hata mwaka mzima baada ya dirisha la kupokea kazi kufungwa, na mara nyingi aliyeikata ameondoa mstari wa masharti. The Submission Grinder ni bure: unajaza aina ya kazi, idadi ya maneno na kiwango cha chini cha malipo, inakuletea majarida yaliyo wazi leo na muda ambao huchukua kujibu. Duotrope hufanya kazi kama hiyo kwa kulipia. Poets & Writers wana orodha ya bure ya mashindano na majarida. Submittable, ukifungua akaunti, ina ukurasa wa kupekua wanaopokea kazi kwa sasa. Zote ni za Kiingereza zaidi.

Kwa anayeandika Kiswahili: Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell (ilianzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell) hupokea miswada. Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola hupokea hadithi za Kiswahili za maneno 2,000 hadi 5,000, ambazo hazijachapishwa, bila ada. Tuzo ya Caine msijisumbue kujitumia wenyewe. Ni ya hadithi zilizokwisha kuchapishwa kwa Kiingereza, na anayewasilisha ni mchapishaji.

4. Soma masharti. Hapa ndipo nilipowahi kuchemsha, kwa hiyo nakaa kidogo.

Watu husoma zawadi kwanza, wakishaiona macho yanakuwa mazito kwa yanayofuata. Geuza mpangilio: soma haki, kisha ada, kisha nani anaruhusiwa, zawadi iwe ya mwisho. Kwenye kipengele cha haki tafuta neno moja tu: ni *washindi* au ni *washiriki*? "Washindi wanatupa haki ya kuchapisha kwa mara ya kwanza" ni sawa, kila jarida linaomba hivyo. "Kwa kushiriki, mshiriki anatupa haki zote za kazi yake" maana yake hata ukishindwa, hadithi si yako tena. Wanaweza kuitia kwenye kitabu, kuiuza, kuifanya filamu, na wewe huna la kudai. Shindano la namna hiyo ni mavuno ya bure ya miswada, hata kama zawadi ni nono. Kimbia.

Tahadhari tatu za hapo hapo:
- Haki ya kuchapisha kwa mara ya kwanza ni kama bikira, hairudi. Ukiibandika hadithi nzima Facebook au kwenye blogu, wahariri wengi wanaihesabu imechapishwa. Kuifuta baadaye hakusaidii.
- Angalia muda wa kuifungia kazi, yaani muda ambao huruhusiwi kuichapisha kwingine. Miezi 6 au 12 baada ya kuchapishwa ni kawaida. "Daima" si kawaida.
- Ukiona "malipo baada ya kuchapishwa" badala ya "baada ya kukubaliwa", jua jarida likifa katikati, na pesa imekufa nalo. Uliza kama kuna fidia kazi ikikubaliwa kisha isitoke.

5. Andaa faili. Kama waamuzi wanasoma bila kuonyeshwa majina ya waandishi, kufuta jina lako ukurasa wa kwanza hakutoshi. Jina hubaki juu ya kila ukurasa, kwenye jina la faili, na ndani ya taarifa za faili lenyewe. Kwenye Word nenda File, Info, Check for Issues, kisha Inspect Document, uondoe taarifa binafsi. Fanya hivyo mwisho kabisa, kwenye nakala.

6. Saa. Tangazo likisema "12:00 AM, 1 November", hiyo ni saa sita ya usiku wa *kuamkia* tarehe 1. Ukiamka asubuhi ya tarehe 1 ukajipanga kutuma usiku, dirisha limeshafungwa. "11:59 PM GMT" kwa aliye UTC+3 (saa za Afrika Mashariki) ni saa 8:59 usiku. Na tangazo likitumia saa za Uingereza, kumbuka Oktoba bado wako kwenye saa za kiangazi, UTC+1, hadi Jumapili ya mwisho wa mwezi. Tuma siku mbili kabla, haya yote hayatakuhusu.

7. Jedwali: kazi, ilikotumwa, tarehe, kama wanaruhusu kutuma kwingine kwa wakati mmoja, jibu. Ikikubaliwa sehemu moja, kwingine kote unaiondoa siku hiyo hiyo.

8. Anza kazi nyingine.

Maswali chini.

---

Tungo_Tamu: Mkuu asante kwa somo. Mimi nina mashairi kama 40, naomba link ya wanaolipa.

Mwandishi wa somo: Hatua ya 3.

Tungo_Tamu: Nimeisoma ila sijaona link.

Mwandishi wa somo: Majina yapo manne. Andika lolote kwenye Google. Ukifika, chagua ushairi.

Mwana_wa_Wino: Kuna shindano linataka ada ya dola 20, zawadi dola 1,000. Ada zote ni utapeli?

Mwandishi wa somo: Hapana. Majarida mengi madogo yanalipia mashindano yao kwa ada. Piga hesabu: washiriki 50 tu wameshairudisha zawadi nzima. Kwa hiyo uliza kingine kinachobaki kinakwenda wapi. Waamuzi wametajwa kwa majina? Washindi wa miaka iliyopita wapo, na kazi zao zinasomeka? Kama ni tuzo mpya, haina waamuzi, na mwisho wake kila aliyetuma "amechaguliwa" kuingia kwenye kitabu anachotakiwa kukinunua, hapo biashara ni wewe. Writer Beware wanafuatilia mitego hii tangu miaka ya 90, tafuta jina la shindano kwenye blogu yao kabla ya kutoa kadi.

Kalamu_Kavu: Hiyo ya Facebook umeikuza. Wasomaji wangu nimewapata huko huko.

Mwandishi wa somo: Sijasema usitumie Facebook. Bandika aya mbili za mwanzo, sehemu iliyobaki iweke akiba. Ukibandika nzima umeshachagua wasomaji badala ya malipo, na ni chaguo halali. Usije tu kulalamika baadaye.

Bi_Mkubwa: Malipo kwa neno yanakuwaje kwa sisi wa Kiswahili? Maneno yetu ni marefu.

Mwandishi wa somo: Swali zuri sana, bibie, nilipaswa kuliweka kwenye somo. Chukua "hawatanisahau". Kwetu ni neno moja, ukilitafsiri kwa Kiingereza linakuwa maneno matano. Kwenye kikomo cha maneno Kiswahili kinakufaidisha, ndani ya 5,000 unaingiza hadithi nene. Kwenye malipo kinakupunja. Kiwango ambacho SFWA, chama cha waandishi wa hadithi za kubuni za sayansi na fantasia, kinakihesabu cha kitaalamu ni senti 8 za dola kwa neno, yaani hadithi ya maneno 3,000 ni dola 240. Ikichapishwa tafsiri, omba kwa maandishi kwamba wahesabu maneno ya tafsiri. Na uliza mapema mtafsiri analipwa na nani. Wakisema mgawane, kubalianeni asilimia kabla ya kazi kuanza.

Bi_Mkubwa: Nikishauza ya Kiswahili, ya Kiingereza naweza kuiuza kwingine?

Mwandishi wa somo: Kama mkataba unasema haki ya kwanza *katika Kiswahili*, ya Kiingereza bado iko mkononi mwako. Mkataba ukisema "lugha zote", umeuza yote. Mkataba usiotaja lugha, omba itajwe. Hata ukiwa huru, mhariri wa pili mwambie kuwa asili imeshatoka, wengine wanaihesabu kama marudio na wana kiwango chake.

Dogo_Mbio: Nikitumia AI kunyoosha hadithi watajua?

Mwandishi wa somo: Jarida la Clarkesworld walifunga dirisha Februari 2023 kwa sababu ya mafuriko ya hadithi za mashine. Tangu hapo wengi wana kipengele chake kwenye masharti, na wengine wanakufungia moja kwa moja. Hatua ya 4.

Mwana_wa_Wino: Natumia jina la kalamu. Malipo yakija kwa jina ambalo halipo benki?

Mwandishi wa somo: Juu kushoto ya mswada weka jina halisi, chini ya kichwa cha hadithi weka la kalamu. Wanaosoma bila majina, yote mawili yanakwenda kwenye fomu tu. Mkataba usaini kwa jina halisi, na hakikisha lina herufi zile zile za akaunti yako, hata jina la kati. Pesa nyingi hurudishwa kwa herufi moja.

Tungo_Tamu: Nimeipata Grinder. Nimechagua ushairi, imeleta mengi, nianze na lipi?

Mwandishi wa somo: Haya, sasa tunaongea. Yapange kwa muda wa kujibu, anza na wanaojibu ndani ya siku 30. Kila jarida lina idadi yake ya mashairi kwa mara moja, mara nyingi 3 hadi 5, usitume yote 40. Kabla hujatuma, soma toleo lao la mwisho.