Somo: Sensa ya MQ-2, kuanzia waya hadi kengele

Wakuu, kila anayenunua MQ-2, sensa ya kunusa gesi na moshi, kwa mara ya kwanza huja na swali lilelile: "Mbona inasoma gesi na hapa hakuna gesi?" Sensa yako si mbovu, ni baridi. Ukilielewa hilo, kuunga waya ni kazi ya dakika tano.

Ndani ya kile kikofia cha wavu kuna oksidi ya bati iliyopakwa juu ya mrija mdogo, na ndani ya mrija kuna hita. Oksidi ikiwa moto, oksijeni ya hewani hunata usoni pake na kushika elektroni, hivyo umeme hupita kwa shida. Ikija LPG (gesi ya mitungi ya kupikia), methani, haidrojeni, mvuke wa spiriti au moshi, ile oksijeni huliwa, elektroni huachiwa, na ukinzani hushuka. Bila joto hakuna kinachofanyika. Basi ukigusa kikofia ukakuta cha moto, usikimbilie kuchomoa waya. Na wavu usiubandue: ndio unaozuia hita isilipue gesi iliyo nje.

Hatua ya 1: Umeme. VCC (pini ya sensa ya kuingizia umeme) iende 5V ya Arduino Uno, bodi ndogo tutakayoiandikia programu, na GND (pini ya hasi) iende GND. Hita peke yake hula karibu miliampia 150. Arduino Uno iliyochomekwa USB inaimudu sensa moja, lakini ukiongeza mota au servo tafuta chanzo kingine cha 5V, kisha uunge GND zote pamoja. Hilo la GND limewahi kunila jioni nzima huku nikilaumu programu.

Hatua ya 2: Ishara. AO, pini ya sensa inayotoa volti kulingana na gesi, iende A0 ya Arduino. DO, pini yake ya pili ya ishara, achana nayo kwanza. Hutoa ndiyo au hapana tu kupitia kompareta (chipu ya kulinganisha volti) ya LM393, na kiwango chake hurekebishwa kwa bisibisi kwenye potenshiometa ya moduli. Tena iko kinyume na unavyotarajia: gesi ikizidi, DO inakuwa LOW (volti sifuri).

Hatua ya 3: Kupasha. Sensa mpya iache kwenye umeme saa 24 au zaidi kabla ya kuiamini. Siku nyingine zote subiri dakika kadhaa: namba itaanza juu, itashuka, itatulia.

Hatua ya 4: Programu. Baza (kifaa cha kutoa mlio) iwe pini 8.

int safi = 0;
void setup() {
  Serial.begin(9600);
  pinMode(8, OUTPUT);
  delay(180000UL); // dakika 3 za kupasha
  long jumla = 0;
  for (int i = 0; i < 50; i++) {
    jumla += analogRead(A0);
    delay(100);
  }
  safi = jumla / 50;
}
void loop() {
  int sasa = analogRead(A0);
  Serial.println(sasa);
  digitalWrite(8, sasa > safi + 150 ? HIGH : LOW);
  delay(500);
}

Jumla nimeiweka long kwa sababu int ya Uno huishia 32767. Ile 150 ni ya kuanzia tu. Ibadilishe baada ya majaribio.

Hatua ya 5: Jaribio. Fungua madirisha, pasiwe na moto karibu. Chukua kiberiti cha gesi, kibonyeze bila kukiwasha, sekunde moja tu. Namba hupaa mara moja, kisha hurudi kwa kujivuta.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Nataka ppm (sehemu za gesi kwa kila milioni ya hewa), si namba za analogRead za 0 hadi 1023.
Jibu: Ukinzani wa sensa ni RL × (5 − V) ÷ V, ambapo RL ni rezista ya mzigo iliyo kwenye moduli na V ni volti ya AO, halafu unalinganisha na mchoro wa mtengenezaji. Ila RL ya moduli ipime mwenyewe, na joto na unyevu huyumbisha matokeo. Zaidi ya yote, sensa haijui ni gesi gani imeinusa. Mimi ppm za MQ-2 siziandiki popote.

Swali: Kama gesi inavuja tayari wakati nawasha?
Jibu: Hapo umenikamata. Programu itaiita hewa chafu "safi" na kunyamaza. Pima hewa safi siku moja, kisha iandike namba hiyo moja kwa moja kwenye programu.

Swali: Nikitumia bodi ya ESP32 badala ya Arduino je?
Jibu: AO inaweza kukaribia 5V na pini zako ni za 3.3V. Weka rezista mbili za kilo-omu 10 ugawe volti nusu. Tumia pini ya GPIO34, kwa sababu pini za ADC2 (kundi la pili la pini za kusoma volti) hugombana na Wi-Fi.

Swali: Niiweke juu au chini?
Jibu: LPG ni nzito kuliko hewa, iweke karibu na sakafu. Methani ni nyepesi, iweke karibu na dari.

Swali: Itanilinda na kaboni monoksidi nikiwa nimelala?
Jibu: Hapana. Hata MQ-7, ambayo ndiyo ya gesi hiyo, usiilalie. Nunua king'ora kilichothibitishwa kwa kazi hiyo. Hiki chetu cha MQ-2 ni cha kujifunzia.

Swali: Nimeziba boksi kwa silikoni, sasa haisikii chochote.
Jibu: Mvuke wa silikoni umeufunika uso wa oksidi, na hapo haifufuki. Tafuta nyingine, boksi ulifunge kwa skrubu, na uliache na matundu.