Jinsi ya kukinga kompyuta ya ofisi iliyofungiwa intaneti

Katika ofisi nyingi za Uganda, kuanzia SACCO za mijini hadi makao makuu ya wilaya, kompyuta za makarani hufungiwa intaneti na kuachiwa kurasa chache tu za kazi, kama vile za Mamlaka ya Mapato (URA) na za benki. Msimamizi akishafanya hivyo huuliza, tena kwa haki, kwa nini aendelee kulipia programu ya kukinga virusi katika mashine isiyoweza kufungua hata gazeti. Mashine hiyo bado inahitaji kinga, ingawa si lazima iwe ya kulipia, na kazi kubwa haimo katika kuiweka kinga hiyo bali katika kuipatia taarifa mpya za virusi, kwa kuwa kufungiwa intaneti ndiko kunakoizuia kuzipata.

Anza kwa kuchunguza ni kitu gani hasa kilichofungwa. Kompyuta inayoruhusiwa barua pepe bado inapokea viambatisho, hata kama kurasa zote nyingine zimezuiwa. Kompyuta isiyo na intaneti lakini iliyounganishwa kwa waya na wenzake ofisini inafikiwa na chochote kilichomwingia jirani yake. Ile isiyounganishwa na chochote hubaki na mlango mmoja, nao ni flashi.

Mlango huo wa flashi haufai kudharauliwa. Karani hubeba mafaili kwenye flashi hadi Nasser Road, Kampala, ili akachapishe vitabu vya risiti, na huko flashi yake huchomekwa katika kompyuta ambayo tangu asubuhi imepokea flashi za wateja wengine. Akirudi ofisini huona folda zake zote zipo, ila kila moja ina mshale mdogo pembeni mwa alama yake. Folda halisi zimefichwa, na hizo anazoziona ni njia za mkato ambazo, akizibofya, hufungua folda kama kawaida huku zikiendesha kirusi kimyakimya. Kwa kuwa mafaili yake yanafunguka, hana sababu ya kulalamika, na wiki nzima inaweza kupita kabla ya mtu kushtuka.

Kuhusu mtandao wa ndani, mfano wa kirusi kiitwacho WannaCry unatosha. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi hicho kilienea katika nchi nyingi kwa kupitia kasoro iliyokuwa katika njia ambayo Windows hutumia kushirikiana mafaili, kasoro ambayo Microsoft ilikwisha kuitolea kiraka, yaani sasisho la kuiziba, tarehe 14 Machi mwaka huohuo. Kilihama kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila mtu yeyote kubofya kitu. Kabla ya kufunga mafaili kwa msimbo ili mwenyewe asiweze kuyafungua bila kulipa, kilijaribu kwanza kufikia anwani fulani ya intaneti, na kikiipata kilijizima. Mtaalamu wa Uingereza, Marcus Hutchins, aliposajili anwani hiyo, mashine nyingi ziliokoka. Lakini kompyuta iliyoambukizwa ikiwa imezuiwa kufika intaneti haikuweza kuipata anwani hiyo, kwa hiyo kirusi kiliendelea na kazi yake. Kizuizi kilichowekwa kwa ajili ya usalama kiliiondolea mashine nafasi ya kuokoka.

Kwa ofisi ndogo, mimi nashauri Microsoft Defender, ambayo huja bure ndani ya Windows 10 na 11. Hujizima yenyewe programu nyingine ya kinga inapowekwa, kwa hiyo ondoa kabisa ile ya zamani iliyokwisha muda, kisha fungua Windows Security uhakikishe kwamba Defender inafanya kazi. Programu za kinga zilizovunjwa leseni na kuuzwa kwa bei ya soda uziepuke, kwani huwezi kujua aliyezivunja ameongeza nini ndani yake.

Taarifa mpya zipatikane kulingana na hali ya mashine. Penye intaneti ya kurasa chache, mwombe fundi wa mtandao aongeze anwani za masasisho ya Microsoft katika orodha ya zinazoruhusiwa. Ni kazi fupi, na ndiyo njia bora. Pasipo na intaneti kabisa, pakua faili la mpam-fe.exe kutoka tovuti ya Microsoft kwa kompyuta nyingine iliyo safi, ukichagua toleo linalolingana na Windows yako, kisha ulipeleke kwa flashi inayotumika kwa kazi hiyo pekee na uliendeshe kwa akaunti ya msimamizi. Fanya hivyo angalau kila wiki, siku iliyopangwa, na mwenye jukumu ajulikane kwa jina. Viraka vya Windows navyo vinahitaji mpango kama huo. Kumbuka pia kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Makarani watumie akaunti za kawaida, zisizo na mamlaka ya kuweka programu. Flashi yoyote itokayo nje ichunguzwe kabla ya kufunguliwa: bofya alama yake kwa kitufe cha kulia na uchague kuichunguza kwa Defender. Nakala za daftari la wanachama zihifadhiwe kwenye diski ambayo huchomolewa baada ya kunakili, kwa sababu kirusi cha aina ya WannaCry hufunga pia mafaili ya diski iliyobaki imechomekwa.

Siku kirusi kitakapopatikana, chomoa kwanza waya wa mtandao, kisha uzichunguze kompyuta zote za ofisi pamoja na flashi zake, si ile moja tu iliyotoa onyo. Ikiwa kuna sababu ya kuamini kwamba taarifa za wanachama zimemfikia mtu asiyehusika, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inaitaka ofisi itoe taarifa mara moja kwa mamlaka inayohusika, NITA-U (Mamlaka ya Taifa ya Teknolojia ya Habari), na barua hiyo ni ya mkuu wa ofisi kuiandika, si ya fundi.