Namna ya kupima kilo za muzee mwenye pesimeka

Kama uko na muzee mwenye pesimeka (kamashine kenye banawekaka mu kifua juu ya kusaidia moyo kupiga) ku nyumba hapa Bukavu, usifurahi akianza kukonda bila kutaka, kwa wazee ba moyo iyo njo inaogopeshaka kuliko kanene kidogo.

Mupime asubui, akisha kukojoa, mbele ya chai, balansi ileile, andika ku kaye. Balansi ya sindano inatosha, zile zenye zinapitishaka umeme ku miguu juu ya kupima mafuta, wacha, zinaweza kusumbua mashine yake.

Kilo 2 zikipanda mu siku 3 haiko unene, ni maji, angalia miguu kama imevimba na umupigie munganga simu siku ileile.

Zikishuka polepole? Muonyeshe munganga, na ongeza samaki ndogo za sambaza, mayai, maharagi, chumvi kidogo tu.