SOMO: Kuchanganya rangi na watoto wa awali bila kuishia na tope

Walimu wenzangu, wiki hii nimeandikiwa faraghani mara tano, swali lile lile: "Naenda mazoezi ya kufundisha, nimepangiwa sanaa kwa watoto wa miaka minne na mitano, nifanyeje?" Naandika mara moja hapa. Mimi mwenyewe bado mwanachuo, na mengi ya haya nimeyajua kwa kuharibu.

Somo ni hili: njano na buluu kupata kijani. Dakika 40, watoto 32, meza sita.

1. Tandika magazeti mezani.

2. Jina la mtoto liandikwe nyuma ya karatasi, kwa penseli, kabla hajaanza. Karatasi ikishalowa huandiki kitu.

3. Wavalishe mashati makuukuu ya watu wazima, vifungo vikae mgongoni.

4. Maelezo yote yatolewe watoto wakiwa wamekaa chini, mbali na meza.

5. Rangi iwe ya mwisho kufika mezani. Hapa ndipo nilipoumbuka. Mara ya kwanza nilipanga kila kitu mapema, nionekane nimejiandaa: nyekundu, njano, buluu, vikombe vimejaa, brashi pembeni. Nikasimama mbele na utangulizi wangu mzuri wa kwenye andalio la somo. Sentensi ya pili sikuimaliza. Mtoto wa miaka minne akishaona kikombe cha rangi, hasikii tena. Brashi ya njano ikazama kwenye buluu, ya buluu kwenye nyekundu, na nilipogeuka kutoka ubaoni meza zote sita zilikuwa na rangi moja, kahawia ya tope. Kijani sikukiona hata tone. Mkufunzi aliyekuja kunikagua alikuwa nyuma anaandika, wala hakuinua kichwa.

Kwa hiyo weka rangi MBILI tu. Nyekundu, njano na buluu zikikutana zote zinatoa kahawia, na mikononi mwa watoto lazima zikutane. Nyekundu itoe chumbani kabisa, usiifiche kabatini.

TAHADHARI: njano iwe nyingi, buluu ncha ya kijiko tu. Buluu ina nguvu. Ukizipima sawasawa kijani kinatoka kizito, mtoto atakuambia ni nyeusi na hutakuwa na la kumjibu.

TAHADHARI nyingine: usitangaze jibu. Niliporudia somo nilifunga mdomo. Mtoto mmoja akainua brashi, akaitazama, akachungulia kikombe cha njano, akauliza: "Nani ameweka majani?" Nilichokiandika kwa robo ukurasa kwenye andalio, yeye alikimaliza kwa maneno matatu.

6. Tenga dakika 10 za usafi. Zitakuwa 15.

7. Kazi zikaukie sakafuni. Kwenye kamba rangi mbichi huchuruzika.

MASWALI

Kidagaa: Somo zuri mkuu. Sasa rangi niweke ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 5.

Kidagaa: Mbona mkali? Nimeuliza tu.

Mwandishi: Na mimi nimejibu tu. Mbili.

ChakiVumbi: Nina miaka mingi kazini. Sisi tunachora ubaoni, watoto wananakili, ukuta unapendeza. Haya ya kuwaacha wachafue ni mambo ya vyuoni.

Mwandishi: Shikamoo mwalimu. Ukuta unapendeza, sikatai. Ila kazi 32 zinazofanana ni kazi yako wewe, wao wameirudia tu. Na kuchanganya rangi hakunakiliki ubaoni kwa chaki.

MamaSoka: Samahani mwalimu, natoka kidogo nje ya mada. Mwanangu ana miaka minne na nusu, kila mtu anayemchora ni kichwa kilichoota miguu, kiwiliwili hakuna. Nimrekebishe?

Mwandishi: Usimguse dada, yuko sawa kabisa. Viktor Lowenfeld aliyegawa hatua za uchoraji wa watoto aliweka miaka 2 hadi 4 kuwa ya kuchorachora ovyo, na 4 hadi 7 ndipo maumbo ya kutambulika yanapoanza. Kwa watoto wengi huyo kichwa-miguu ndiye mtu wa kwanza kumchora. Mwulize kwa upole tumbo liko wapi. Mwingine anaonyesha ndani ya duara, mwingine katikati ya miguu, maana yake kiwiliwili anacho, hajakitenga tu. Akikusimulia mchoro, andika maneno yake nyuma ya karatasi pamoja na tarehe, utafurahi baadaye. Mimi niliwahi kumwongezea mtoto mikono kwenye mchoro wake, kwa nia njema. Akanisukumia karatasi: "Hiyo sasa ni yako." Siku hizi nikitaka kuonyesha kitu, nachukua karatasi yangu.

MamaSoka: Nimecheka, kisha nimejiona mimi. Asante.

Penseli2B: Brashi zangu ni nane tu, watoto arobaini.

Mwandishi: Kata sponji vipande vidogo, kila kipande kibane kwa kibanio cha nguo. Mtoto anashika kibanio, vidole havichafuki sana, na sponji haimwagi nywele kama brashi za bei rahisi.

Penseli2B: Na sare zikipata rangi?

Mwandishi: Maji baridi, kabla haijakauka. Mimi pia hutia tone la sabuni ya maji ndani ya rangi yenyewe mwanzoni, inafulika kwa urahisi.

Kidagaa: Nimefundisha leo. Kijani kilitoka vizuri, meza tatu. Halafu mmoja akaikuta nyekundu kabatini.

Mwandishi: Hatua ya 5, mkuu.