Kashata ya kizungu: oti chini, chokoleti katikati, oti juu

Kwanza tumalize suala la jina. Ukimwambia mtu wa Dodoma kwamba unaoka "baa" za oti atakuuliza leseni umechukua lini, kwa hiyo mimi naziita vipande tu, ila mama mmoja jirani yangu hapa Nkuhungu siku ya kwanza kuonja akasema aah, hii si kashata ya kizungu hii, na jina likaganda hapohapo. Na hajakosea yaani. Kashata unamwaga, unatandaza, unakata, na hii ni hivyohivyo, tofauti yake ni kwamba chini unakandamiza oti zilizochanganywa na siagi na sukari, katikati unamwaga chokoleti nzito iliyopikwa na maziwa ya kopo, juu unatupiatupia oti zilizobaki halafu ndo inaingia kwenye moto. Ni rahisi kuliko keki, haikudai iumuke, haina mambo ya kuogopa kufungua mlango wa oveni. Kitu pekee inachotaka ni usiikate ya moto, na hilo nitalirudia huko mbele maana najua hamtanisikia.

Sasa vitu. Hapa napiga hesabu ya trei ya mraba ya sentimita 23 hivi, au sufuria pana ya kipenyo hichohicho, haina shida. Siagi gramu 125, mi natumia Blue Band siku za kawaida na siagi halisi ya maziwa nikiwa na wageni wa maana. Sukari gramu 150, yaani robotatu ya kikombe cha kupimia, na asali kijiko kimoja kikubwa. Yai moja. Vanila kijiko cha chai. Unga wa ngano gramu 160, oti gramu 150 ambayo ni kama kikombe kimoja na nusu, bekin soda nusu kijiko cha chai, na chumvi kidogo sana, kama unatumia majarini iache kabisa maana yenyewe tayari ina chumvi. Kwa ajili ya katikati: kopo moja la maziwa mazito yenye sukari, yale ya kama gramu 390, kakao vijiko vikubwa vinne vya kusawazisha, siagi kijiko kimoja kikubwa, na karanga za kukaanga konzi moja.

Hiyo asali msiidharau. Mapishi mengi ya wenzetu wa Marekani yanataka sukari ya brauni ile laini inayoshikana kama mchanga mbichi, sukari yetu ya dukani hata ikiwa na kaukahawia bado ni punje kavu, ndo maana ukiitumia peke yake vipande vinatoka vikavu vinavunjikavunjika. Asali inarudisha ule unyevu. Na sisi huku asali si jambo la kusafiria, ya Manyoni ipo, nyeusi, ina harufu ya pori mpaka chumba cha pili wanajua umefungua chupa.

Oti nazo zina vurugu zake. Kwanza oti siyo shayiri, shayiri ni ile ya kutengenezea bia. Pili chukua zile bapa zilizopondwa kawaida, usichukue zile pakiti za uji wa haraka zenye sukari na ladha ya matunda ndani, zile zikipata unyevu zinakuwa uji kweli. Kama ulizopata ni kubwakubwa na ngumu, chukua nusu yake utwange kidogo tu kwenye kinu, mara tatu nne mchi juu chini, halafu uchanganye na nusu nyingine, hapo zitashikana vizuri na bado utasikia cha kutafuna.

Na bekin soda ni bekin soda. Msije mkatumia magadi mnayotilia mlenda, nimeshaona mtu anafanya hivyo akidhani ni ndugu mmoja, kikatoka kitu kina ladha ya sabuni.

Haya tuanze. Siagi iwe laini, si ya kuyeyuka. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja hapa Dodoma unaiacha mezani dakika kumi inakusubiri wewe, ila Juni na Julai asubuhi inakuwa jiwe, isogeze karibu na jiko. Piga siagi na sukari na asali kwa mwiko mpaka rangi ianze kuwa nyeupenyeupe, na hapa uwe mvumilivu kwa sababu sukari yetu punje zake ni nene, chovya kidole usugue na kidole gumba, kama bado unasikia mchanga mwingi endelea kupiga. Kuachia hapa ndo baadaye mtu anatafuna anasikia kriii. Tia yai na vanila, koroga. Pembeni chekecha unga na bekin soda, changanya na oti, halafu mimina kwenye siagi ukoroge mpaka usione unga mkavu, basi, usiendelee kukanda kama chapati.

Paka trei mafuta, tandika karatasi ya kuokea na uache masikio mawili yanayotokeza nje ili baadaye uinue mzigo wote kwa pamoja. Chukua theluthi mbili za ule mchanganyiko utandaze chini. Unanata, utakusumbua, kwa hiyo lowesha viganja au tumia kitako cha glasi ulichokipaka unga, kandamiza mpaka pembeni kabisa, maana ukiacha pembe wazi chokoleti itapita chini iungue na utaikwangua kesho yake na mchanga.

Sasa katikati, na hapa ndo penyewe. Kakao ichekeche kwanza, ina tabia ya kufanya vidonge ambavyo havivunjiki tena vikishaingia kwenye maziwa. Nafurahi kusema kakao inalimwa hukuhuku kwetu, Kyela kule Mbeya, kwa hiyo ukipata unga wa kakao usio na sukari wa hapa nyumbani chukua. Maziwa ya kopo, kakao na kile kijiko cha siagi vyote kwenye sufuria nzito, moto mdogo, na usiuache mwiko. Simu weka mbali. Dakika tano za kwanza unaona kama hakuna kinachoendelea, halafu ghafla inaanza kupumua mapovu mazito, plop, plop, inang'aa, na ukipitisha mwiko katikati unaona chini ya sufuria, ile njia inakaa kidogo ndo inajifunga taratibu. Hapo epua. Ukizidisha itakuwa tofi ya kung'oa meno, ukiwahi itabaki mchuzi. Kama una chokoleti halisi ya vipande unaweza kutumia gramu 170 ukayeyusha na nusu kopo ya maziwa na siagi ileile, hiyo haihitaji kupikwa, ikishayeyuka tu toa. Inakuwa na ladha nzito zaidi ila bei nayo si mchezo, na mimi bado napenda ya kakao.

Karanga zitwange nusunusu uzitie humo. Mkoa huu karanga zipo nzuri mno, ingawa ukikumbuka Kongwa unacheka, Waingereza walikuja 1947 na matrekta kulima karanga kwa maelfu ya ekari, kufika 1951 wakawa wamekunja virago, na bibi zetu wanaendelea kuzilima kwa jembe la mkono mpaka leo. Wengine huweka zabibu kavu badala ya karanga, kwa mji wa zabibu ni haki, ila ziloweke kwanza maji ya vuguvugu dakika kumi uzikamue, kavu kabisa zinavimba kwenye moto na kuungua juu.

Mwaga chokoleti, tandaza, halafu zile oti zilizobaki zinyofoenyofoe kwa vidole uzidondoshe juu. Usizibe pote. Acha madirisha, chokoleti ionekane.

Mwenye oveni aiwashe mapema, nyuzi 180, dakika 25 hivi. Mwenye jiko la mkaa, na mi nimeoka sana kwa mkaa hasa ile siku umeme umekatika trei ikiwa ndani dakika ya nane ikabidi nikimbie nayo uani, chukua sufuria kubwa, mwaga mchanga mkavu safi chini unene wa vidole viwili, ipashe moto dakika kumi na mfuniko wake, ingiza trei, funika kwa bati, palia mkaa juu. Moto wa chini uwe hafifu kabisa, wa juu ndo uwe mwingi, watu wanafanya kinyume halafu wanalalamika chini makaa juu mabichi. Chungulia baada ya dakika ishirini. Pembeni pawe pamekuwa kahawia na pameanza kuachia karatasi, katikati ukigusa pabonyee kidogo. Usisubiri katikati pakauke, papo sawa, patakaza pakipoa.

Na hapa ndo nilisema nitarudia. Mwaka juzi mwezi wa kumi wifi yangu alikuja na wageni wawili kutoka Dar, harufu imejaa nyumba nzima, mimi kimbelembele changu nikasema ngoja niwakatie sasa hivi wapate ya motomoto. Kisu kilivyoingia tu chokoleti ikatiririka kama uji, tabaka la juu likateleza likaenda upande wake, tukaishia kula na vijiko kwenye vibakuli. Wifi mpaka leo akinipigia anauliza, ule mchuzi wa chokoleti upo?

Kwa hiyo oka usiku, kata alfajiri. Wakati wa baridi acha mezani imefunikwa, asubuhi imeshikana yenyewe. Wakati wa joto ikishapoa iweke friji saa mbili tatu, na kama huna friji kalisha trei kwenye beseni lenye maji kidogo ya mtungini, usiku upepo wa Dodoma unamaliza kazi. Inua kwa yale masikio, chovya kisu kwenye maji ya moto, kifute, kata mstari mmoja, kifute tena. Nne kwa nne unapata 16 vya kushiba, tano kwa tano unapata 25 vya kuuza au kupeleka ofisini.

Weka kwenye kopo lenye mfuniko mara tu ukimaliza kukata, hewa yetu kavu hii ukiacha wazi siku moja kingo zinakuwa kama mbao. Vinakaa siku nne tano bila tatizo, kama watoto wamesafiri. Na hilo kopo likalishe kwenye sahani yenye maji, sisimizi wa huku wakishanusa maziwa ya kopo hawahitaji mwaliko.